Vumbi la tofali linavyoamua bingwa wa tenisi Paris

WAKAZI wa Ipelele, wilayani Makete, hawahitaji kuelezwa tofali la kuchoma ni kitu gani, kwani nyumba nyingi za mkoa wa Njombe zimejengwa kwa hilo. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba tofali la aina hiyo, likisagwa likawa unga, ndilo linalotandazwa juu ya viwanja vya Paris ambako kila mwaka, kati ya Mei na Juni, wacheza tenisi wa kulipwa, wanaume kwa wanawake, hugombea ubingwa wa wazi wa Ufaransa, maarufu kwa jina la Roland Garros.

Kwa hiyo jina la "uwanja wa udongo" linapotosha. Udongo wa shambani ungegeuka tope kwa mvua ya kwanza. Chini ya uwanja huo kuna mawe, juu yake kokoto, kisha mabaki ya makaa ya mawe yaliyoungua, kisha tabaka la mawe ya chokaa yaliyosagwa. Unga wa tofali unaofunika yote hayo una unene wa milimita moja au mbili tu. Chokaa hushika maji. Tofali hutoa rangi na utelezi.

Inasimuliwa kuwa chanzo chake ni ndugu wawili Waingereza wa ukoo wa Renshaw, ambao karibu mwaka 1880 huko Cannes walichoshwa na nyasi zilizokauka kwa jua, wakazifunika kwa unga wa vyungu vilivyovunjika.

Unga huo mwembamba ndio unaougeuza mchezo. Mpira unapotua hukwaruzana nao, ukapoteza kasi na kudunda juu zaidi kuliko kwenye nyasi au sakafu ngumu. Mchezaji mwenye mpira mkali wa kuanzisha, ambaye kwingine angemaliza pointi kwa pigo moja, hapa hurudishiwa mpira mara kumi au ishirini. Anayefaidika ni mwenye pumzi, subira na mkono wa kuuzungusha mpira, na zaidi ya yote anayejua kuteleza hadi kwenye mpira bila kuanguka. Kuteleza huko hakufundishwi kwa wiki moja.

Rafael Nadal wa Hispania alilijua hilo kuliko yeyote, akatwaa taji la Paris mara 14 kati ya 2005 na 2022. Kwa wanawake, Chris Evert wa Marekani alilitwaa mara saba. Mwaka 2025 fainali ya wanaume, ambayo Carlos Alcaraz alimshinda Jannik Sinner, ilichukua saa 5 na dakika 29, muda mrefu kuliko fainali yoyote ya mashindano hayo. Siku moja kabla, Coco Gauff alikuwa amemshinda Aryna Sabalenka kwa seti mbili kwa moja.

Wanaume hucheza hadi seti tano na wanawake tatu, lakini tangu 2007 malipo ni sawa. Mwaka 2025 kila bingwa alipata euro milioni 2.55, na hata aliyetolewa raundi ya kwanza katika mchezo wa mmoja mmoja aliondoka na euro 78,000. Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki anayejilipia nauli, fedha hizo za kushindwa zingetosha kuendesha msimu mzima.

Ukanda huu nao una viwanja vya aina hiyo. Nairobi Club ndiko zilikochezewa mechi za kundi la tatu la Afrika za Kombe la Davis kwa wanaume, Juni 2018, na za Kombe la Billie Jean King kwa wanawake, Juni 2023. Hata hivyo, taji kubwa la Mkenya Angella Okutoyi, ubingwa wa wasichana wawili wawili wa Wimbledon wa Julai 2022 alioutwaa pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, lilipatikana juu ya nyasi.

Ugumu wa uwanja wa udongo hauko katika tofali, bali katika matunzo: lazima unyweshwe mara kadhaa kwa siku, ufagiliwe kila mechi inapokwisha, na mistari isafishwe, maana ukikauka vumbi hupeperuka na ukilowa kupita kiasi mchezo husimama.

Mwinuko nao una lake. Hewa nyepesi ya Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huufanya mpira uruke kwa kasi na kupunguza ule upole wa udongo. Kwa sababu hiyo sheria za tenisi zinaruhusu mipira maalumu kwa mahali palipo juu ya mita 1,219. Makete, ambako vijiji vingi viko juu kuliko Nairobi, ingeihitaji zaidi.