UPRONA baada ya Rwagasore: Casablanca na Monrovia zilitoka wapi?

Tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilinyakua viti 58 kati ya 64 vya Bunge la Burundi. Miongoni mwa waliokuwa naye Mwanamfalme Louis Rwagasore tangu awali ni wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura, walioanzisha naye ushirika mwaka 1957. Chama pinzani, PDC, kiliongozwa na wana wa Chifu Baranyanka, wa ukoo wa Batare. Rwagasore alikuwa wa Bezi. Uhasama wa kale wa Baganwa ulikuwa umevikwa vazi la vyama.

Oktoba 13, akiwa Waziri Mkuu, Rwagasore aliuawa kwa risasi. Jean-Baptiste Ntidendereza wa PDC alihukumiwa kwa njama hiyo, akanyongwa Januari 1963.

PDC ikazimika, UPRONA nayo ikapasuka. André Muhirwa, shemeji wa marehemu, na Paul Mirerekano kila mmoja alidai uongozi wa chama. Bungeni yakazuka makundi ya Casablanca na Monrovia, majina yaliyoazimwa kwenye mikutano miwili ya mataifa ya Afrika ya mwaka 1961. Majina tu, kwani Casablanca ilielemea Watutsi, Monrovia Wahutu.

Vyama vya kwanza vya Marekani navyo vilichipuka ndani ya serikali moja, kutokana na ugomvi wa mawaziri wa George Washington, Hamilton na Jefferson. Ila Washington aliondoka madarakani akiwa hai, 1797, na mwaka 1801 Adams aliyeshindwa akampisha Jefferson. Bujumbura, Januari 15, 1965, Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa siku chache tu baada ya kurejeshwa madarakani.