Oda ya vyondo imeingia, mkonge uko wapi?

Tuseme kikundi chenu hapa Tala kimepata oda ya vyondo 60 kutoka Nairobi. Mteja ametuma malipo ya kwanza kwa simu, mmefurahi. Wiki ya pili, yule mtu mmoja anayewaletea nyuzi za mkonge hashiki simu. Mvua imeanza na tarehe ya kupeleka mzigo inakaribia. Pesa iko, nyuzi hakuna.

Shida ni kwamba mkonge si sukuma wiki. Ukipanda leo, utangoja kama miaka mitatu ndipo ukate majani ya kwanza. Na jani lenyewe ni maji mengi: kilo 100 za majani mabichi hutoa karibu kilo 4 tu za nyuzi kavu. Zikishakwanguliwa, nyuzi huoshwa na kuanikwa juani, na zikikosa jua zinaharibika rangi. Kwa hivyo ukikosa nyuzi Novemba, mvua ikinyesha, huwezi kuzipata kwa haraka. Ulipaswa kujipanga Septemba.

Simu yako inaweza kukusaidia kujipanga. Hivi ndivyo tunavyokushauri:

Kuwa na wauzaji watatu. Mmoja awe jirani mwenye ua wa mkonge, mwingine wa sokoni, na wa tatu wa mbali kidogo, labda Makueni ama Kitui. Nunua kidogo kwa kila mmoja hata wakati mmoja anatosha. Siku ya shida ukipiga simu, atakuwa anakujua.

Lipa kwa awamu, lakini usicheleweshe. Tuma sehemu ndogo mkikubaliana, kisha umalizie nyuzi zikishapimwa. Ukituma zote mapema, unaweza kupoteza zote. Lakini zikishapimwa, lipa hapo hapo. Mama aliyekwangua mkonge tangu asubuhi anahitaji unga leo, na atamkumbuka anayelipa bila kuzungushana.

Soma jina kabla ya kuthibitisha malipo. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba ingine", simama kwanza. Mpigie muuzaji kwa namba yake ya kawaida. Jina likiwa geni, usitume.

Tenga pesa ya nyuzi. Malipo ya kwanza ya mteja si faida. Yakiingia tu, hamisha hela ya nyuzi kwenye akaunti ya akiba ya simu, isije ikaisha kwa matumizi ya nyumbani. Nunua kiangazi, uweke stoo mahali pakavu.

Soma taarifa ya miamala kila mwisho wa mwezi. Angalia pesa ya nyuzi imeenda kwa nani. Kama karibu yote imeenda kwa namba moja, hiyo ni onyo: mtu huyo akiugua, ama shamba lake likikauka, kazi ya kikundi kizima inasimama.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, fungua taarifa yako na uhesabu majina ya waliokuuzia nyuzi. Ukipata moja tu, siku ya soko ijayo tafuta la pili, hata kama huna oda. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kumbuka: hatutawahi kukupigia simu tukuulize PIN yako. Anayeiuliza ni mwizi.