Mtoto Aliyeonwa na Watu Wengi

Muhula uliopita katika chama chetu cha midahalo ndugu mmoja alisimama akasema ya kwamba watoto wachanga hufa mikononi mwa wazazi wakatili kwa sababu hakuna mtu wa nje anayewaona. Tulimpigia makofi mengi, na mimi nilipiga pamoja na wenzangu. Baadaye nilisoma habari za mtoto mmoja wa London, nikaona ya kuwa tulipiga makofi upesi mno. Mtoto yule alionwa. Watumishi wa ustawi wa jamii, madaktari, wauguzi na polisi walikutana naye mara 60 hivi katika muda wa miezi 8, na hata hivyo alikufa. Nataka kueleza jinsi jambo kama hili linavyowezekana, maana baadhi ya wanafunzi wa zamani wa shule hii wanaosoma gazeti letu ni waganga, askari na maafisa wa ustawi, na wengine wetu twatazamia kuingia katika kazi hizo.

Mtoto huyo aliitwa Peter Connelly. Alizaliwa tarehe 1 Machi 2006, akafa tarehe 3 Agosti 2007, akiwa na umri wa miezi 17. Kwa muda mrefu mahakama ilikataza jina lake lisitangazwe, kwa hiyo magazeti yalimwita Mtoto P tu, mpaka Agosti 2009.

Kwao ni Haringey, wilaya moja ya kaskazini ya London. Mwezi wa Desemba 2006 daktari wa mtaa aliona alama za kupigwa usoni na kifuani mwake. Polisi walimkamata mama yake, na mtoto akapelekwa kwa rafiki wa familia, akakaa huko majuma kama matano. Jina lake likaandikwa katika daftari la watoto wanaohitaji kulindwa. Mpaka hapo hakuna wa kulaumiwa: daktari aliona, akasema, na serikali ikafanya kitu. Lakini mwezi wa Januari 2007 Peter alirudishwa kwa mama yake.

Pengine utauliza, kwa nini alirudishwa? Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1989 yataka mtoto alelewe na watu wake mwenyewe kila iwezekanapo, na serikali haiwezi kumchukua daima bila amri ya mahakama. Ni lazima mahakama ionyeshwe ya kwamba mtoto anapata madhara makubwa au yu karibu kuyapata. Mimi siioni sheria hiyo kuwa mbaya. Ni nani kati yetu angependa karani wa serikali aweze kumchukua ndugu yake mdogo kwa neno moja? Ila sheria hiyo humtaka mtumishi afanye kazi mbili kwa mara moja. Aingie nyumbani kama rafiki amsaidie mama, na tena atazame kama mpelelezi. Kazi ya kwanza huishinda ya pili, maana ni vigumu kunywa chai ya mtu na kumshuku.

Mama wa Peter hakuwafukuza watumishi. Alikuja mikutanoni na kuitikia mashauri. Alipoulizwa juu ya alama alisema ya kwamba mtoto ni mtundu, huanguka na kujigongagonga. Akaaminiwa. Jambo kubwa alilolificha ni kwamba mwanamume mwingine alikuwa amehamia nyumbani mle, na baadaye ndugu wa mwanamume huyo akaja pia. Basi watumishi walikuwa wakipima usalama wa nyumba bila kujua ni nani wanaolala ndani yake.

Sasa tutazame siku kumi za mwisho. Tarehe 25 Julai 2007 wakuu wa idara walikutana na mwanasheria, wakaamua ya kwamba ushahidi uliokuwapo haujafikia kiasi cha kupelekwa mahakamani. Tarehe 30 Julai mtumishi wa ustawi alifika nyumbani kwa ziara aliyokuwa ameipanga, akamkuta Peter amekaa katika kigari chake, amepakwa chokoleti usoni na mikononi. Chini ya chokoleti ile palikuwa na majeraha. Aliomba mtoto asafishwe, lakini hakumwona akiwa safi. Tarehe 1 Agosti Peter alipelekwa kwa daktari wa watoto katika kliniki. Daktari alimwona mtoto amenuna na kulialia, kwa hiyo hakumpima mwili mzima. Tarehe 2 Agosti polisi walimwarifu mama ya kwamba hatashitakiwa kwa alama zilizoonekana zamani. Asubuhi ya tarehe 3 mtoto alikutwa amekufa kitandani mwake. Maiti ilipochunguzwa, mbavu nane zilikuwa zimevunjika, na uti wa mgongo pia, na ndani ya tumbo lake palikutwa jino lake mwenyewe.

Niliposoma habari za siku hizo nilirudia mara tatu. Mwanasheria alikuwa na karatasi, mtumishi alikuwa na chokoleti, daktari alikuwa na mtoto anayelia, na askari alikuwa na kesi ya zamani. Kila mmoja alishika kipande chake, akafikiri kipande kikubwa zaidi kiko kwa mwenzake. Daktari alijua ya kuwa mtumishi hufika nyumbani. Mtumishi alijua ya kuwa mtoto anakwenda kwa daktari. Hivyo wingi wa watu uliwafanya wote watulie. Kama angalikuwapo mtu mmoja tu, huenda angaliogopa zaidi.

Wenzangu wengine niliowasimulia walijibu, “Hao ni Wazungu, hawana ukoo. Kwetu shangazi angaliona.” Yafaa wasikie habari za Victoria Climbié, ambaye si mtoto mchanga lakini alifia katika mji ule ule, na wilaya ile ile ya Haringey ilikuwa na jalada lake.

Victoria alizaliwa Ivory Coast mwaka 1991. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi ya baba yake aliyekaa Ulaya, apate elimu. Twalijua jambo hili. Katika darasa letu wako wanaosoma kwa fadhili ya jamaa, wanakaa nyumbani kwao wakati wa likizo, na hakuna aliye na aibu nalo. Victoria alipelekwa Ufaransa, kisha mwezi wa Aprili 1999 akaletwa London. Hakupelekwa shule hata siku moja katika nchi ya Uingereza, basi hakuna mwalimu aliyepata kuita jina lake na kuona hayupo. Alikufa tarehe 25 Februari 2000, umri wake miaka 8, na mwilini mwake zilihesabiwa alama 128. Katika miezi ya mwisho alikuwa akilazwa usiku ndani ya bafu, amefungwa katika mfuko wa plastiki. Shangazi yule na mwanamume aliyeishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001.

Serikali ilimtaka Bwana Laming afanye uchunguzi, na taarifa yake ikatoka Januari 2003, yenye mapendekezo 108. Humo imeonyeshwa ya kwamba idara nne za ustawi zilimjua mtoto huyu, na hospitali mbili, na vikosi viwili vya polisi, na kwamba nafasi 12 za kumwokoa zilipotea. Katika hospitali ya kwanza daktari alisema alama zake ni za upele. Neno hilo moja lilimfuata mpaka mwisho. Lilipofika kwa mtumishi na kwa askari, waliogopa kuambukizwa, wakaacha kwenda kutazama nyumba anayokaa. Mtumishi mwenye jalada lake alikuwa na kesi 19, hali kanuni ya ofisi yake ilikuwa zisipite 12. Alionana na Victoria mara nne, na muda wote ukijumlishwa haukufika nusu saa.

Lakini jambo lililonichoma ni hili. Wauguzi katika hospitali ya pili waliona ya kuwa shangazi akiingia, Victoria husimama wima kama askari, na mara moja alijikojolea. Mtumishi alipofikiria namna mtoto huyu alivyokuwa mbele ya shangazi yake, alidhani ni heshima tu, kama ilivyo desturi ya watoto wa Kiafrika kwa wakubwa wao. Yaani adabu yetu, ambayo twaisifu, ilitumiwa kuwa pazia. Wala hawakukosea kwa sababu ya kutudharau, walitaka kutuheshimu. Bwana Laming aliandika kwa ukali juu ya jambo hili, ya kwamba mtoto ni mtoto, awe wa taifa lo lote.

Nisijifanye mwenye macho kuliko wao. Likizo iliyopita, nyumbani, palikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita hivi aliyeletwa kukaa kwa jamaa zake jirani yetu. Kila mwenye nyumba alipotokea, mtoto aliinuka na kusimama wima, macho chini. Nilimwambia mama yangu, “Mtoto yule ana adabu.” Mama alinyamaza, akasema, “Mwenye adabu huamkia. Yule hakuamkia.” Siku ya pili yake alimwomba aje kutusaidia kuchambua maharagwe, ndipo tukaiona mikono yake. Mama hakugombana na mtu. Alipeleka habari kwa bibi mzaa mama wa mtoto, naye akapanda basi akaja kumchukua. Mimi nilikuwa nimemtazama mtoto huyo muda wa majuma matatu.

Baada ya Victoria sheria mpya ilitungwa Uingereza mwaka 2004, ili idara zote zishirikiane, na likatengenezwa daftari la kompyuta la kuwaunganisha watumishi wote wa watoto. Lilifungwa mwaka 2010. Mwaka ule ule wa 2004 ilitungwa sheria nyingine. Zamani, mtoto akiuawa ndani ya nyumba yenye watu wazima wawili, kila mmoja alimsingizia mwenzake, na wote wakaponyoka. Tangu sheria hiyo ianze kutumika, ni kosa kusababisha kifo cha mtoto au kukiachia kitokee. Kwa sheria hiyo watu wazima watatu waliokuwa nyumbani kwa Peter walionekana na hatia mwaka 2008.

Hasira ya watu ilikuwa kubwa mno. Zaidi ya watu 1,000,000 walitia sahihi katika ombi la gazeti moja wakitaka watumishi wafukuzwe kazi. Waziri alimwondoa mkuu wa idara ya watoto ya Haringey, na mwaka 2011 mahakama ya rufani ikaamua ya kuwa aliondolewa isivyo haki, maana hakupewa nafasi ya kujitetea. Watumishi kote waliogopa, na maombi ya kuwaondoa watoto kwa wazazi yaliongezeka sana mahakamani. Bila shaka wengine walikuwa wamestahili kuondolewa mapema zaidi. Lakini hofu si mpimaji mzuri wa nyumba za watu, na sijui kama mtoto aliyechukuliwa na mtumishi mwenye kuogopa gazeti ametendewa vyema siku zote.

Katika mji wa Keighley, kaskazini ya Uingereza, mtoto wa kike aitwaye Star Hobson alikufa tarehe 22 Septemba 2020, umri wake miezi 16. Mpenzi wa mama yake alihukumiwa kwa mauaji mwaka 2021. Safari hii ukoo ulikuwapo, na uliona. Tangu Januari mwaka ule taarifa tano zilifika kwa watumishi, nyingi zikitoka kwa jamaa na marafiki wa familia, na mmoja wao alikuwa bibi mkuu wa mtoto. Watumishi walifika, wakasikiliza maneno ya mama, wakaandika ya kwamba jamaa hao wana chuki tu na huyo mpenzi wake. Taarifa ya uchunguzi wa taifa iliyotoka Mei 2022 ilisema maneno ya jamaa yalitupwa upesi mno. Jalada lilifungwa mwezi wa Septemba, siku chache kabla Star hajafa.