Mwaka wa Kutengenezwa Pekee Hautoshi: Mambo ya Kuzingatia Katika Kununua Pikipiki Iliyotumika Mkoani Rukwa

Kwa mkulima wa Ufipa aliyekwisha kuuza mahindi yake, au kijana aliyepata mkopo utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ununuzi wa pikipiki iliyotumika ni uamuzi mzito. Pikipiki nzuri huingiza kipato kila siku. Iliyo mbovu humaliza akiba ya msimu mzima kwa mafundi, na deni hubaki palepale.

Swali la kwanza la wanunuzi wengi ni moja: pikipiki hii ni ya mwaka gani? Swali hilo ni la msingi, ila jibu lake mara nyingi hutafutwa mahali pasipo sahihi.

Namba ya usajili si umri

Wapo wanaokadiria umri wa pikipiki kwa kutazama herufi zilizo mwishoni mwa namba ya usajili inayoanza na MC. Herufi hizo hufuata mfululizo wa usajili; hazioneshi mwaka ambao chombo kilitengenezwa. Pikipiki iliyokaa dukani miaka miwili kabla ya kusajiliwa itakuwa na namba ya karibuni, ilhali matairi, mipira na sili zake zimekwisha kuzeeka kwa miaka hiyo miwili.

Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mnunuzi anaweza kuulinganisha na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma karibu na shingo ya usukani. Pikipiki nyingi za India na China zina namba ya chesisi yenye alama 17. Inayoanza na herufi L imetoka China, na inayoanza na MD imetoka India. Kwa kawaida alama ya 10 huwakilisha mwaka: H ni 2017, J ni 2018, K ni 2019, L ni 2020, M ni 2021, N ni 2022, P ni 2023 na R ni 2024. Herufi I, O na Q hurukwa ili zisichanganywe na tarakimu.

Kadi ikisema 2021 na chesisi ikaonesha 2017, au namba ikionekana kukwaruzwa na kugongwa upya, fedha isitolewe hadi TRA ithibitishe kumbukumbu za chombo hicho.

Miaka michache, kazi nyingi

Mwaka unaeleza umri. Haueleza kazi iliyofanyika. Chukulia mfano wa pikipiki ya mwaka 2021 iliyobeba abiria kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ndani ya miaka mitatu imekwenda kilomita 90,000. Nyingine ya mwaka 2017, ambayo mwalimu huitumia kilomita 20 kwa siku kwa siku hizo hizo 300, itakuwa na kilomita 42,000 baada ya miaka saba. Iliyo kuukuu kwa kadi ndiyo changa kwa injini.

Mita ya kilomita nayo si shahidi wa kutegemewa peke yake, kwa kuwa waya wake huweza kuchomolewa. Ushahidi mwingine hutazamwa mahali panapoguswa kila siku: mpira wa kukanyagia uliolika, meno ya sproketi yaliyochongoka, kiti kilichobonyea na keria iliyochomelewa mara kwa mara. Keria ya namna hiyo huashiria magunia mazito, na magunia mazito hupinda fremu.

Mwinuko na baridi ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na pwani. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika Ufipa hupata petroli nyingi kuliko hewa. Nguvu hupungua, mafuta huliwa zaidi na plagi huwa nyeusi. Kasoro hiyo hurekebishwa na fundi kwa gharama ndogo. Moshi wa rangi ya samawati ni jambo jingine: unaonesha kuwa oili inaungua ndani ya injini, na matengenezo yake ni makubwa.

Pikipiki za miaka ya karibuni zenye mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta hujirekebisha zenyewe kulingana na hewa. Hata hivyo, mnunuzi wa Matai, Laela au Namanyere ajiulize kwanza kama yupo fundi wa karibu mwenye kifaa cha kuupima mfumo huo.

Injini ijaribiwe asubuhi ikiwa ya baridi, hasa Juni na Julai. Muuzaji anayeileta ikiwa imekwisha pashwa moto huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Breki nazo zipewe uzito wa pekee, kwa sababu kutoka uwanda wa juu hadi Bonde la Ziwa Rukwa au mwambao wa Ziwa Tanganyika ni mteremko wa karibu mita 1,000.

Kwa wanaovutiwa na pikipiki za michezo zenye injini kubwa, tahadhari huongezeka. Zinafaa lami ya Tunduma–Sumbawanga, lakini tumbo lake liko chini mno kwa njia za vijijini, na spea zake haziuzwi kila duka.

Nani mmiliki halali?

Pikipiki nyingi za biashara huendeshwa kwa mkataba, ambapo dereva hupeleka hesabu kwa mwenye chombo hadi amalize malipo. Kabla ya hapo, anayeiendesha hana haki ya kuiuza. Jina lililo kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha muuzaji, mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mashahidi, na umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa. Deni la faini za barabarani likaguliwe kwa namba ya usajili katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na uhalali wa bima uhakikiwe.

Mnunuzi azingatie pia leseni yake ya udereva: daraja A1 halitoshi kwa pikipiki yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125.

Kwa muhtasari, nyaraka hutangulia, kisha fremu na breki, kisha injini; mwaka hutumika mwishoni kupima kama bei ni ya haki. Saa moja ya ukaguzi pamoja na fundi asiye na uhusiano na muuzaji ni gharama ndogo ikilinganishwa na mavuno ya msimu mzima.