Antena za fraktali: Umbo dogo linalonasa masafa mengi

MKAZI wa Kabiro, Kawangware jijini Nairobi, anapotuma pesa kwa M-Pesa akiwa ndani ya nyumba ya mabati, huenda ujumbe ukachelewa. Mabati huyarudisha nyuma mawimbi ya redio, nayo simu hulazimika kuongeza nguvu ya kuyarusha, hali inayomaliza betri upesi.

Ndani ya simu hiyo mna antena, nayo ina kazi nyingi. Mitandao ya Kenya hutumia masafa ya megahezi 800, 900, 1,800 na 2,100, mbali na Wi-Fi ya 2,400. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33. Antena ya waya ulionyooka huhitaji robo ya urefu huo, yaani sentimita 8 hivi, ilhali ya 1,800 huhitaji 4 pekee.

Njia mojawapo ya kuunganisha mahitaji hayo ni umbo la fraktali, neno lililobuniwa na mwanahisabati Benoit Mandelbrot mwaka 1975 kueleza maumbo ambayo sehemu yake ndogo hufanana na umbo zima. Katika mchoro wa Helge von Koch wa mwaka 1904, mstari hugawanywa mara tatu, na kipande cha katikati huondolewa na kuwekewa pande mbili za pembetatu. Kila hatua huongeza urefu kwa theluthi moja, lakini nafasi kutoka ncha hadi ncha haibadiliki. Hivyo waya mrefu hutoshea mahali padogo.

Ili kunasa masafa kadhaa, wahandisi hutumia pembetatu ya Sierpinski, iliyotobolewa hata zikabaki pembetatu ndogo ndani ya kubwa, kila moja nusu ya iliyotangulia. Kila ukubwa huitikia masafa yake, yakizidiana karibu mara mbili, mfano wa 900 na 1,800. Carles Puente na wenzake mjini Barcelona walilidhihirisha jambo hilo katika miaka ya 1990.

Hata hivyo, mwaka 1948 mhandisi Lan Jen Chu alikuwa ameonyesha kwamba antena ikipunguzwa kupita kiasi, upana wa masafa yake au ufanisi wake hupungua. Mikunjo haiiondoi sheria hiyo. Ndiyo sababu wabunifu wengi hutosheka na hatua chache, kwani zaidi ya hapo faida huwa haba.

Wala umbo hilo halipenyi bati. Kwa mkazi wa Kabiro, kusogea mlangoni au dirishani kungali msaada ulio karibu zaidi.