Muanda: mkoko huu hauleti wasiwasi mkubwa duniani, lakini Kongo ina pwani moja tu

Mkaaji wa Goma anayeona magunia ya makala yakitoka upande wa Virunga anaijua shida hii. Tofauti ni kwamba kule Muanda, jimbo la Kongo Central, zaidi ya kilomita 1,800 magharibi, mti unaokatwa unaota ndani ya maji ya chumvi.

Ni mkoko, ambao wengi wanaujua kwa jina la Kifaransa, palétuvier. RDC ina karibu kilomita 40 tu za pwani, na mikoko yote ya inchi iko hapo, mahali mto Kongo unaingia baharini karibu na Banana. Tarehe 2 Mei 1992 serikali iliunda hifadhi ya mikoko, inayosimamiwa na ICCN. Mwaka wa 1996 hifadhi hiyo iliandikwa, pamoja na Virunga, kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye maana kwa dunia nzima.

Aina inayojulikana zaidi hapo ni Rhizophora racemosa, mti unaoweza kupita mita 20, wenye mizizi inayoshuka kutoka shina kama miguu mingi. Mbegu yake huota ikingali juu ya mti, hurefuka kama mkuki, kisha huanguka na kujichoma kwenye matope. Kati ya mizizi hiyo samaki wadogo na kaa wanajificha. Nguva naye, yule anayeitwa lamantin, anaishi kwenye maji hayo.

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, mti huu uko kwenye daraja la wale wasioleta wasiwasi mkubwa. Ni sawa, maana unaota kutoka Senegal mpaka Angola, na hata ng'ambo ya Atlantiki. Lakini daraja hilo linapima dunia nzima. Haliwezi kumtuliza mtu wa inchi yenye pwani fupi hivi: ikiisha hapa, hakuna pengine. Tena IUCN yenyewe, ilipochunguza mwaka wa 2024 misitu ya mikoko yenyewe, si aina moja moja ya mti, ilikuta nusu iko katika hatari ya kuporomoka.

Kwa Muanda sababu zinaonekana. Mti ni mzito, makala yake yana moto mkali, na kuni zake zinapendwa kwa kukausha samaki kwa moshi. Petroli inachimbwa pale tangu miaka mingi, baharini na inchi kavu. Januari 2022 jiwe la msingi la bandari ya maji marefu liliwekwa Banana, mlangoni pa hifadhi.

Kupanda upya kunawezekana, na si kazi ya gharama kubwa: mbegu zinaokotwa na kuchomekwa kwenye matope maji yakishuka. Lakini lazima miti mama iwe imebaki karibu.