Nadharia ya nyuzi ni sayansi au hadithi? Na Bagamoyo inaingiaje?

Msikilizaji wetu, baada ya kipindi cha sayansi tulipokea ujumbe mfupi kutoka Mlingotini. Aliyeuandika ni mzazi mwenye kijana wa kidato cha nne. Kijana amesoma kwenye simu kwamba ulimwengu wote umeundwa kwa nyuzi ndogo zinazotetemeka, na kwamba kuna dimensheni kumi. Mzazi anauliza: hiyo ni sayansi au hadithi? Nimwache aendelee, au nimwambie asome vitu vya maana?

Hewani dakika zilikuwa chache, nikaahidi kuandika. Mimi nimesomea utangazaji, si fizikia, kwa hiyo naeleza kwa lugha ninayoielewa mwenyewe. Na nianze na jambo ambalo huenda hukulijua: habari hii imewahi kupita hapahapa Bagamoyo.

Mtoto wa wakimbizi

Neil Turok alizaliwa Johannesburg mwaka 1958. Wazazi wake, Ben na Mary Turok, walipinga ubaguzi wa rangi wakafungwa. Baba alipotoka jela, familia ilikimbilia Kenya kisha Tanzania, na mtoto akasoma shule Dar es Salaam kabla ya kwenda Uingereza. Turok amesimulia mara nyingi kwamba mwalimu wake wa Dar ndiye aliyempa hamu ya kupima na kutengeneza vitu kwa mikono.

Akaja kuwa mwanafizikia wa nadharia mwenye jina kubwa. Mwaka 2003 alianzisha Afrika Kusini taasisi ya kufundisha hisabati na sayansi kwa vijana wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi AIMS. Mwaka 2014 tawi la Tanzania likaanza masomo Bagamoyo. Leo kituo hicho hakipo tena hapa, lakini wapo vijana waliokaa mji huuhuu wakisoma hisabati za juu.

Kwanza, kile kilichokwisha kupimwa

Kabla ya nyuzi kuna nadharia ya geji. Chukua mfano wa kibaba. Tuseme Mlingotini mnapima mchele kwa kibaba chenu na Kaole wana chao, na ukubwa si sawa. Biashara haitaharibika, maadamu kuna mtu anayepita kati ya vijiji na hesabu ya kubadilisha: vibaba vitatu vya huku ni viwili vya kule. Mchele wenyewe hauongezeki wala haupungui.

Nadharia ya geji inasema maumbile nayo yako hivyo. Kila mahali panaweza kuwa na kibaba chake, na ile hesabu inayopita kati ya mahali na mahali ndiyo tunayoiona kama nguvu, kwa mfano nguvu ya umeme na sumaku.

Abdus Salam wa Pakistan, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg wa Marekani, walitumia wazo hilo kuunganisha nguvu ya umeme na sumaku na nguvu nyingine inayofanya kazi ndani ya kiini cha atomu. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Hesabu zao zilitaja chembe ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Mwaka 1983 chembe hizo zikaonekana katika maabara ya CERN, karibu na Geneva. Hapo hakuna hadithi: walitabiri, wakatafuta, wakapata.

Kilichobaki nje ni nguvu ya uvutano, ile inayoangusha nazi na kufanya maji yajae na kupwa. Hiyo imekataa kukaa vizuri kwenye hesabu za chembe ndogo. Hapo ndipo nyuzi zinapoingia.

Uzi mmoja, sauti nyingi

Nadharia ya nyuzi inasema kile tulichodhani ni nukta ni uzi mdogo mno. Mpiga udi wa taarabu anatoa sauti nyingi kwenye uzi mmoja. Vivyo hivyo, uzi wa ulimwengu ukitetemeka hivi tunauona kama elektroni, ukitetemeka vile tunauona kama chembe nyingine. Wazo lilianzia kwenye hesabu ya Mwitaliano Gabriele Veneziano mwaka 1968, naye alikuwa akitafuta kitu kingine. Mwaka 1974 ilionekana kwamba mtetemo mmojawapo unafanana na mbebaji wa nguvu ya uvutano. Ndiyo maana watu wakaichangamkia.

Lakini hesabu hizo zinadai dimensheni kumi. Dimensheni ni njia ya kwenda. Sisi tunazo tatu: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Ongeza muda, ziko nne. Je, sita nyingine ziko wapi?

Simama ufukweni maji yakipwa, utazame shamba la mwani. Kamba iliyofungwa kati ya vigingi inaonekana kama mstari tu. Sasa muulize konokono mdogo aliye juu ya kamba hiyo. Yeye anaweza kwenda mbele na nyuma, na pia anaweza kuizunguka kamba. Kuzunguka huko ni dimensheni ambayo wewe wa mbali huioni. Wanafizikia wanasema huenda dimensheni sita zimejikunja hivyo, ndogo mno kwa vyombo vyetu.

Kwa nini wengine wanapunguza dimensheni?

Wapo wanaofanya kinyume: badala ya kuongeza, wanapunguza. Mkulima wa mwani akipata mbegu mpya haifungi shamba zima. Anaijaribu kwenye kamba moja. Mwaka 1962 Mmarekani Julian Schwinger alichukua nadharia ya umeme akaiweka kwenye mstari mmoja na muda tu. Hesabu ikatatulika mpaka mwisho. Ikaonyesha kwamba chembe mbili zenye chaji zinazopingana haziwezi kutenganishwa moja kwa moja. Mfano huo mdogo ulikuja kuwasaidia wengine kufikiri kwa nini kwaki, chembe zilizo ndani ya protoni, hazionekani zikitembea peke yake.

Mwaka wa majaribu

Turudi kwa Turok. Mwaka 2001 yeye na wenzake walitumia mawazo ya nyuzi kueleza mwanzo wa ulimwengu. Walisema huenda ulimwengu wetu ni kama utando, na huenda ule Mlipuko Mkuu ulikuwa ni tando mbili kugongana. Wazo lao lilikuwa na jambo la kupimika: mawimbi ya uvutano ya tangu mwanzo yawe hafifu mno kuonekana.

Machi 2014 watafiti wenye darubini katika Ncha ya Kusini wakatangaza kwamba wameona dalili za mawimbi hayo. Kama ni kweli, wazo la Turok lilikuwa limekufa. Yeye alikuwa miongoni mwa waliosema tusubiri. Mwanzoni mwa 2015 ikabainika kwamba dalili ile ilitokana na vumbi la angani, kwa hiyo haikuthibitisha kitu.

Lakini vumbi lile halikumfanya Turok kuwa sahihi. Hakuna kipimo kilichoonyesha tando wala nyuzi mpaka leo. Yeye mwenyewe, mwaka 2018, alichapisha na wenzake wazo jingine lililo rahisi zaidi, lisilohitaji dimensheni za ziada. Mtu aliyejijengea jina kwa wazo moja aliweza kuliweka pembeni na kujaribu lingine.

Jibu kwa mzazi

Nadharia ya nyuzi ni sayansi ambayo haijathibitishwa. Si hadithi, kwa sababu hesabu zake zinakaguliwa na yeyote anayezijua, na zimezaa hisabati nyingi. Wala si ukweli uliopimwa, kama zile chembe za 1983.

Basi usimkataze. Mfundishe swali moja: hili limepimwaje? Swali hilo litamfaa hata nje ya fizikia. Akija mtu na kifaa kijijini akisema kinatibu kwa nguvu ya kwanta au mitetemo ya ulimwengu, aulizwe hivyohivyo.

Na kama kijana amependa kweli, njia inaanzia kwenye hisabati na fizikia za kidato chake. Kwa masomo ya juu si lazima aende mbali: tangu mwaka 2018 kuna taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya msingi katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali. Inashirikiana na kituo cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini.

Kijana akikwama kwenye kamba na konokono, atutumie ujumbe naye. Tutamsoma hewani.